Kukusanya Fani Nyingi katika Shahada Moja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwapa waja wake akili na elimu. Ama baada ya hayo.

SUALA LENYEWE

Ipo namna ya masomo katika vyuo vikuu vya zama hizi ambayo wazee wengi wa pwani hawakuizoea. Kijana amekwisha pata shahada yake ya kwanza katika fani moja, mathalan elimu ya viumbe, au sheria, au hisabu za biashara. Kisha hurudi chuoni, kwa muda wa kadiri ya miaka miwili, kutafuta shahada ya pili, ndiyo iitwayo uzamili. Na badala ya kuendelea na fani ile ile, huingia katika masomo yaliyokusanya fani nyingi pamoja: fungu katika elimu ya bahari, fungu katika uchumi, fungu katika sheria, na fungu katika hali za watu na dasturi zao. Akirudi kwao akaulizwa amekuwa nani, hana neno moja la kujibu. Mwenziwe aliyesoma utabibu husema, "Mimi ni tabibu," na aliyesoma sheria husema, "Mimi ni wakili." Yeye hubaki kueleza kwa maneno mengi, na baba yake, aliyetoa mali ya minazi yake kumsomesha, husikiliza asipate la kuwaambia jirani zake.

Basi suala ni hili: je, ni jambo jema kwa mtu mwenye akili kutumia umri wake na mali ya wazazi wake katika masomo ya namna hii, au ni kujipotezea wakati? Na ikiwa ni jambo jema, je, ni jema kwa kila mtu, au lina sharti zake? Jawabu ya suala hili haimhusu kijana peke yake. Yawahusu pia watu ambao kesho atakuja kukaa mbele yao na karatasi mkononi, aseme lipi liwafae na lipi liwadhuru.

HOJA ZA WENYE KUKATAA

Wenye kukataa wana hoja tatu, wala si haki kuzidharau, kwani zimesimama juu ya mambo yaliyojaribiwa.

Hoja ya kwanza ni ya methali, kwamba mshika mbili moja humponyoka. Husema: umri wa mtu ni mfupi na elimu ni bahari, na mzamiaji hupata lulu kwa kushuka mpaka chini, hapati kwa kuogelea juu juu ya maji mapana. Mwenye kugawa miaka miwili kwa fani nne amepewa nusu mwaka kwa kila fani, na hapana fundi wa kuunda mashua aliyehitimu kwa nusu mwaka.

Hoja ya pili ni ya riziki. Matangazo ya kazi, yawe ya serikali au ya makampuni, aghalabu hutaja shahada kwa jina lake: anatakiwa mhasibu, anatakiwa mwanasheria, anatakiwa mtaalamu wa uvuvi. Mwenye shahada ya fani nyingi huenda kwa watu wa fani ya kwanza wakamwambia kwamba yeye ni wa ile ya pili, na wa ile ya pili wakamrudisha kwa wa kwanza. Akawa kama popo, ndege humkataa na wanyama humkataa.

Hoja ya tatu ni ya tabia, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Kujua kidogo katika kila jambo humpa mtu ulimi, wala hakumpi mizani. Huyajua majina ya mambo pasi na kujua hakika zake, akajiona amekuwa hakimu juu ya wenye fani zao. Asiyejua kabisa hujijua, akanyamaza au akauliza. Lakini aliyeonja kidogo hudhani ameshiba, na khatari yake kwa watu huwa kubwa zaidi, kwa kuwa wao hawana njia ya kumtambua.

Hizo ndizo hoja zao. Na ili zipimwe kwa jambo lililo dhahiri, si kwa maneno matupu, na yatazamwe yaliyopita katika kisiwa cha Mafia.

MFANO WA MAFIA

Mafia imekaa mkabala wa milango ya mto Rufiji. Kusini yake ipo Ghuba ya Chole, pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Katika Juani yamo magofu ya mji wa Kua, na upande wa magharibi, penye Ras Kisimani, bahari imekula magofu ya mji mwingine wa kale. Watu wake tangu zamani wameishi kwa minazi na kwa bahari, na mwenye kosa katika mambo ya bahari hiyo huwakosea watu katika kitoweo chao na ada za watoto wao.

Kabla ya mwaka 1995 uvuvi wa baruti ulikuwa umezidi katika maji hayo. Baruti haichagui: huua mkubwa na mdogo, na huvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya samaki. Kadhalika matumbawe yalichimbwa kwa kujengea na kuchomwa chokaa, na chokaa haichomwi bila ya kuni nyingi, hata madhara yakatoka baharini yakafika msituni. Mwaka 1994 ikatungwa sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na mwaka 1995 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyo ya kwanza ya namna yake katika Tanzania, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Wenyeji wengi waliitaka, wakitumai kwamba wapigaji baruti, ambao wengi wao walitoka nje ya kisiwa, watakomeshwa.

Lakini hifadhi haikuwa jambo la samaki peke yao, kwa sababu ndani ya mipaka yake vimo vijiji vya watu. Bahari ikagawanywa kanda tatu: ukanda usiovuliwa kabisa, ukanda wa wenyeji kwa zana zilizoruhusiwa, na ukanda wa matumizi ya jumla kwa vibali. Nyavu za kukokota zikakatazwa. Mwenye elimu ya viumbe aliuliza: samaki watazalia wapi? Na suala lake ni sahihi. Mwenye mtumbwi usio na mashine naye huuliza: nikikatazwa mwamba ulio karibu, nitaufikiaje ule wa mbali wakati wa kusi? Na suala lake ni sahihi vile vile. Ila jawabu yake haimo katika kitabu cha samaki. Imo katika elimu ya pepo, na ya bei, na ya haki, na ya hali za nyumba za watu.

Haya si dhana tupu. Christine Walley, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu kutoka Marekani, alifanya uchunguzi wake Chole katika miaka ya 1990, na kitabu chake Rough Waters, kilichotoka mwaka 2004, kinaeleza mvutano ulioingia baina ya wenyeji, maafisa wa serikali na mashirika ya kutunza maumbile, ijapokuwa wote walidai kutaka bahari ihifadhiwe. Rosemarie Mwaipopo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye alitoa mwaka 2008 uchunguzi wake juu ya upande wa kijamii wa hifadhi hiyo hiyo. Na kabla yao, tangu mwaka 1965, Pat Caplan wa Uingereza alikwisha anza kujifunza mambo ya watu wa Kanga, kaskazini ya kisiwa: koo zao, ardhi yao, na namna wanavyogawana vitu. Hawa wote si wataalamu wa samaki. Walakini asiyeyajua waliyoyatazama hawezi kufahamu kwa nini sheria moja ya samaki hutiiwa katika kijiji hiki na kuvunjwa katika kile.

Na uchukuliwe mfano ulio mdogo zaidi, wa pweza. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana, wanawake hutembea kwa miguu juu ya miamba wakitafuta pweza mashimoni. Katika miaka ya karibuni vijiji vya visiwa vidogo, kama Jibondo, vilijaribu kufunga baadhi ya miamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha kuifungua. Elimu ya viumbe yaikubali rai hii. Pweza hukua upesi mno, umri wake ni mfupi, na jike hutaga mara moja tu, akalinda mayai yake, kisha akafa; basi kumwacha miezi michache humwongezea uzito mwingi. Hisabu ni njema. Lakini mwamba ukifungwa, nani akosaye kitoweo katika miezi ile? Mwanamume mwenye mashua huenda mwamba mwingine. Mwanamke aendaye kwa miguu hana mwamba mwingine wa kwenda. Na siku ya kufungua, wakija watu wa mbali na vyombo vyao na miwani yao ya kuzamia, wakavua kwa siku moja kilichongojewa miezi mitatu, je, ni haki mwenye kusubiri awe mmoja na mwenye kuvuna awe mwingine? Suala la kwanza ni la viumbe, la pili ni la uchumi, la tatu ni la sheria na uadilifu. Lakini mwamba ni mmoja, na pweza ni yule yule, na mwanamke yule kikapu chake ni kimoja.

Hapa ndipo panapodhihirika asili ya jambo hili. Walioigawa elimu kwa idara na milango ni vyuo, kwa ajili ya wepesi wa kufundisha; bahari haikugawanywa hivyo. Mwenye kujua mlango mmoja tu, akapewa amri juu ya jambo lenye milango minne, atatengeneza mmoja na kubomoa mitatu, na huku nia yake ni njema.

JAWABU YA METHALI

Sasa na irudiwe ile methali. Ni methali ya kweli, lakini haikukusudia kila mwenye vitu viwili mikononi. Atazamwe mtu aliye peke yake katika ngalawa: mkono mmoja umeshika usukani, na mkono wa pili umeshika demani, ile kamba ya tanga. Huyo hakushika safari mbili. Safari yake ni moja, na kwayo ametaka vitu viwili, na lau angeachia kimoja angelizama. Anayeponyokwa ni yule mwenye makusudio mawili, atakaye kwenda Kilindoni na Nyamisati kwa tanga moja. Ama mwenye kusudio moja lenye haja ya zana nyingi, methali haikumsema.

Na watu wa pwani wanalijua jambo hili kabla ya vyuo. Nahodha wa jahazi hakuwa na fani moja. Alizijua nyota na pepo, alizijua nyama na mawe ya bahari, alijua hisabu ya shehena, alijua haki ya mwenye mali na haki ya baharia katika faida, na alijua namna ya kusema na watu wa kila bandari. Ahmad ibn Majid, aliyeandika juu ya elimu ya bahari mwishoni mwa karne ya 15, na ambaye katika maandishi yake imo njia ya kwenda Sofala, alikusanya nyota, misimu na alama za pwani kwa ajili ya jambo moja: chombo kifike salama.

Maulamaa wakubwa nao hawakujifungia. Ibn Rushd, aliyezaliwa mwaka 1126 na kufa mwaka 1198, alikuwa kadhi wa Sevilla na Cordoba. Aliandika katika fiqhi Bidayat al-Mujtahid na katika utabibu al-Kulliyyat. Ghazali katika Ihya alizihisabu elimu za tiba na hisabu kuwa ni faradhi za kifaya, ambazo mji ukizikosa watu wake wote wana lawama, na akawalaumu waliosongamana katika fani moja yenye jaha na hali mji wao hauna tabibu. Na karibu zaidi, Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufa Unguja mwaka 1925, alisafiri baharini kwa biashara katika ujana wake, kisha akawa kadhi ambaye fatwa zake zilitafutwa pwani nzima. Kuijua bahari na biashara hakukumpunguzia kadhi kitu, kwa kuwa wengi katika watu wa pwani ni watu wa bahari na biashara.

Mkataaji atajibu kwamba hao walikuwa majabali, na kila fani waliyoigusa waliifikisha; wala si sawa kumfananisha nao kijana wa miaka miwili. Neno lake ni kweli, na litarudiwa katika sharti zijazo.

Ama katika nchi yenyewe, haja ya kukusanya fani ilitambuliwa mapema. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi BRALUP, kwa sababu suala la ardhi ni suala la udongo, la maji, la watu na la mali pamoja. Baadaye ofisi hiyo ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Na mwaka 1978 chuo hicho kiliweka Unguja Taasisi ya Sayansi za Bahari, na mwaka 1993 ikaasisiwa, makao yake Unguja, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ambayo huwakutanisha watu wa viumbe na watu wa jamii. Basi haya si mambo ya kubuniwa jana kwa ajili ya kukusanya ada.

KUKUSANYA SI KHERI KWA NAFSI YAKE

Baada ya kuthibiti kwamba kukusanya fani kwajuzu na kwamba kuna haja nako, yataka ijulikane kuwa kukusanya si kheri kwa nafsi yake. Ni nguvu tu, na nguvu hufuata nia ya mwenye kuitumia.

Mafia ililiona hili kwa macho. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika milango ya Rufiji. Mizinga ya Waingereza haikuweza kuipiga, kwani wapigaji hawakuiona nyuma ya mikoko. Mwaka 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, wakatengeneza humo kiwanja cha ndege, wakaleta manowari mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey. Mwenye mzinga hakuona. Mwenye ndege aliona, lakini hakuwa na mzinga. Zikaunganishwa kwa simu ya upepo, na rubani akawa anawaambia walio chini risasi imeangukia wapi. Jaribio la tarehe 6 Julai halikufaulu. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamizwa. Elimu tatu ziliungana, na kazi yake ikawa kuua. Basi asidhani mtu kwamba kwa kuwa shahada yake imeunganisha elimu, imekuwa njema. Wema wake utajulikana kwa kile ilichoungana kukifanya.

SHARTI TATU

Kwa haya yote jawabu ya suala ni kwamba masomo ya fani nyingi ni mema, na pengine ni lazima, lakini kwa sharti tatu.

Sharti ya kwanza ni kwamba mwenye kuyataka awe na jambo moja analolitafutia dawa kabla ya kuingia. Akiulizwa, "Unasoma nini?" asijibu kwa majina ya fani, ajibu kwa jina la jambo: "Nasoma namna mwamba wa pweza uwezavyo kufungwa pasi na kumnyima mwanamke aendaye kwa miguu." Mwenye jawabu kama hii atajua ni fungu gani la uchumi analohitaji, na lipi la sheria, na lipi aliache. Asiye na jambo, kila somo kwake ni sawa. Atatoka na vipande vingi kama aliyeokota mbao pwani bila ya kujua anaunda nini. Na hii ndiyo jawabu ya hoja ya riziki pia. Tangazo la kazi huuliza jina la shahada, ni kweli, na mwenye kuingia na aingie akilijua hilo. Lakini mwenye jambo moja aliloliweza ana kitu cha kuonyesha, na mwenye majina tu hana.

Sharti ya pili ni kwamba awe na shina moja, na kila fani ya pili aiingie kwa mlango wake. Ndiyo maana ya kuitaka shahada ya kwanza iwe imekwisha thibiti. Mti wa mwembe hutoa matawi mengi kwa kuwa shina lake ni moja. Na katika kuingia fani ya wengine, mfano mwema ni wa Ghazali mwenyewe. Alipotaka kuihukumu falsafa, hali yeye ni mwalimu wa fiqhi Baghdad mwenye wanafunzi mia tatu, hakutosheka na kusikia watu wakisema. Alivisoma vitabu vyao katika faragha zake kwa muda usiozidi miaka miwili, kisha akakaa karibu mwaka mwingine akivifikiri. Akaandika kitabu cha kueleza makusudio yao kabla ya kile cha kuwajibu. Miaka miwili basi si michache kwa mwenye shina. Haimfanyi kuwa mwenye fani zote, lakini humwezesha kufahamu wenye fani wanasema nini, na kuwauliza suala wasiloweza kulikwepa.

Sharti ya tatu ni ya dhamana, nayo ndiyo jawabu ya ile hoja nzito ya tabia. Mafakihi wametaja kwamba ajitiaye kutibu watu, wala hajulikani kuwa na utabibu, akadhuru, ni juu yake kudhamini. Maana ya hukumu hii haiishii kwa wagonjwa. Mwenye kusoma fani nne, kisha akaandika kwamba mwamba fulani ufungwe na nyavu fulani zichomwe, amejitia kutibu mji mzima. Akikosea hatalala njaa yeye. Watalala njaa watoto wa watu ambao hawakuisoma karatasi yake. Kwa hiyo ni wajibu juu yake ajue mpaka wa kila anachokijua, na kwenye mpaka asimame na aseme waziwazi, "Hapa elimu yangu imekoma, aitwe mwenye fani hii." Neno hili halimvunjii mtu heshima. Mwenye fani moja pengine hana haja ya kulisema kila siku, kwa kuwa mpaka wake unaonekana. Lakini mwenye fani nyingi anao mpaka kila upande, basi yeye ana haja nalo kuliko watu wote.

Na miongoni mwa wenye fani wa kuitwa ni wavuvi wenyewe. Mzee aliyevua Ghuba ya Chole miaka hamsini hana shahada, lakini anajua changu huzalia wapi na maji ya mwezi gani huleta nini. Kumweka yeye katika hisabu ya wenye kuulizwa tu, wala si katika hisabu ya wenye elimu, ni kosa la elimu kabla ya kuwa kosa la adabu. Kwani mwenye kuikusanya elimu ya bahari akaiacha ya mtu huyu, hakuikusanya.

NASAHA

Baba anayeulizwa ada na asikatae kwa sababu ya jina la shahada kutofahamika, wala asikubali kwa sababu ya jina la chuo kuwa kubwa. Amwulize mwanawe masuala matatu: ni jambo gani unalolitafutia dawa? Una shina gani la kusimama juu yake? Na ukikosea, nani atakayeumia, nawe utamjibu nini? Mwana akijibu kwa maneno ya kufahamika, mali hiyo haikupotea. Na akibabaika, ni kheri akakae mwaka mmoja katika kazi, aone jambo kwa macho yake, kisha arudi. Mlango wa chuo haufungwi kwa aliyechelewa.

Mwana naye na ajue kwamba gharama ya masomo haya haikutoka mfukoni mwa baba peke yake. Imetoka pia katika subira ya mama, na katika zamu za shamba ambazo ndugu zake walimshikia. Wala haimlazimu kurudi kukaa kisiwani maisha yake yote, kwani riziki ina njia nyingi. Lakini yamlazimu elimu yake irudi. Mwenye kufanya uchunguzi juu ya watu wa Juani au Jibondo, akachukua maneno yao, akapata nayo shahada, kisha karatasi yake ikakaa rafuni katika lugha wasiyoisoma, amekula amana. Kidogo awezacho ni kurudi siku moja, akae nao barazani, awasomee kwa Kiswahili aliyoyaandika juu yao, na awaache wamsahihishe.

Na watu wa vijiji, wajapo kwao wenye shahada za namna hii, wasiwatukuze kwa wingi wa fani zao wala wasiwafukuze kwa hofu. Wawapime kwa alama moja iliyo nyepesi: je, mtu huyu amewahi kusema "sijui" mbele ya watu, kisha akaenda kumwuliza ajuaye? Aliye na alama hiyo, fani zake zikiwa mbili au kumi, watu wana amani naye. Na asiye nayo, hata akiwa na fani moja tu, ni wa kuogopwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha, na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.